Ufunguo wa Ghorofa ya Nne

Rumande, Jiji la Mexico
Jumapili, 13 Oktoba 1985

Komadre Hermelinda,

Pokea salamu kutoka kwa mtu asiyestahili kukusalimu. Mwandiko wangu unaujua ulivyo mbaya, nivumilie.

Tuko kumi na sita kwenye chumba cha watu sita. Tunalala kwa zamu, na anayekosa nafasi hujifunga kwa shuka kwenye nondo asije akaangukia wenzake. Jina nimeshapewa: Mzee Kufuli. Kesi yangu wanaijua wote. Mwizi wa magari anayelala miguuni pangu ananiambia kila asubuhi, "Mzee Kufuli, mimi nina dhambi zangu, lakini za wanawake arobaini na mmoja sina." Nacheka naye. Ukikasirika humu ndani unakosa hewa.

Mashtaka nimesomewa. Kwamba mimi, Maclovio Arriaga, mlinzi wa kiwanda cha nguo cha Bwana Urrutia, asubuhi ya tetemeko nilikuwa nimefunga kwa kufuli mlango wa ghorofa ya nne, washonaji wakiwa ndani, kisha jengo lilipoanza kuyumba nikakimbilia barabarani na ufunguo wangu. Ufunguo wameutafuta kwangu hawakuupata. Nimewaambia umepotea. Wakili niliyepewa na serikali ana kesi tisini mkononi, na siku ya kwanza aliniita kwa jina la mtu mwingine. Anasema ni miaka thelathini.

Komadre, binti yako Elodia nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo nakuita komadre. Alilia kanisa zima likageuka, unakumbuka? Sikuweza kumzika. Niambie ulimzika wapi, na siku ya tisa nani aliuzoa na kuuinua ule msalaba wa chokaa tunaomchorea marehemu chini, maana ilikuwa kazi yangu mimi baba yake wa ubatizo. Na niambie jambo jingine dogo: walikukabidhi vitu gani vyake?

Kwa aibu,
Maclovio


Kambi ya mahema, mtaa wa Obrera
20 Oktoba 1985

Maclovio,

Usiniite komadre.

Msalaba uliinuliwa na Bi Tomasa, yule wa cherehani ya dirishani, aliyetolewa kwenye kifusi siku ya tatu akiwa hai. Mkono mmoja umefungwa plasta, ameinua kwa mkono mwingine, chokaa nusu ikabaki chini. Tumeiacha hapo hapo.

Elodia nilimtafuta siku nne. Siku ya nne nilimkuta kwenye uwanja wa besiboli, wamewapanga maiti chini kwa mistari na vipande vya barafu katikati. Mwanajeshi mmoja aliniambia kwa upole, "Mama, tazama nguo kwanza, uso baadaye." Nikatazama nguo. Nikamwosha mwenyewe, nikamvisha mwenyewe. Kuna karatasi yenye mhuri ya vitu alivyokutwa navyo: kiatu kimoja, medali ya Bikira, ufunguo mmoja wenye utepe wa kijani, aliokuwa ameuzungusha kwenye kiganja. Ni ufunguo wa sanduku lake la nguo. Sanduku lenyewe limekwenda na nyumba yetu, kwa hiyo umebaki kufungua hewa. Nauvaa shingoni.

Walimkuta nje ya ule mlango, hatua tatu kutoka mlangoni. Wanasema alichelewa kufika, akawa anapanda. Mwanangu hajachelewa kazini hata siku moja.

Sasa nisikilize wewe. Mwezi Machi nilisimama mbele ya Urrutia nikamwambia mlango wa ghorofa ya nne usifungwe, kuna watu mle siyo majora ya vitambaa. Akanifukuza kazi siku hiyo hiyo, na wewe ndiye uliyenifungulia lango la kutokea, ukaniambia, "Umesema kweli." Miaka kumi na moja umeshika ufunguo ule. Bi Tomasa alisikia kufuli likichezewa kwa nje wakati jengo linayumba. Mtu gani anafunga mlango wakati jengo linayumba?

Sema hukufanya. Sema mara moja tu, nitakusikiliza. Lakini wewe unaniandikia utani wa mwizi wa magari.

Hermelinda Quiroz


Rumande
25 Oktoba

Komadre (nisamehe, sijui kukuita vingine),

Siku ya marehemu inakaribia, na najua mtawawekea meza. Nakuomba kitu kimoja. Usiweke ule ufunguo. Weka mkate, weka maua ya manjano, weka picha yake ya kumaliza shule, weka mchuzi wa pilipili na chokoleti aliokuwa anaupenda. Chuma usiweke. Humu ndani kuna mzee wa Oaxaca anasema chuma humkwamisha marehemu asile kwa raha. Uvue shingoni, uutupe kwenye mtaro wa maji machafu, tena mbali na kambi. Mtu akiuliza, sema hakukuwa na ufunguo.

Ulilouliza nakujibu. Nilifunga mimi. Nilikuwa na usingizi, sikuweza kufikiri. Amini hivyo na upumzike.

Maclovio


Kambi ya mahema
5 Novemba 1985

Maclovio,

Tangu lini umeanza kuamini mambo ya chuma? Wewe ndiye uliyewahi kula mkate wa marehemu wa mama yako kabla hajafika kuuonja, ukasema, "Mama alikuwa anatuachia kila siku, leo aninyime?"

Ufunguo nimeuweka. Vitu vyake ni vitatu tu, nitaficha kimoja? Meza tuliiweka pamoja, familia zote, kwenye lami mbele ya kifusi. Picha arobaini na mbili. Bi Refugio ameweka mbili, binti zake wote wawili. Ubani ulitufukiza mpaka tukakohoa, na watu wa jiji zima walipita, wengine hatuwajui, wanasimama, wanafanya ishara ya msalaba, wanaenda kwenye vifusi vingine. Kila mtaa una kifusi chake.

Akafika Bermúdez, wakili wa Urrutia, na shada kubwa lenye jina la kiwanda. Wanawake wakalipokea wakaliegemeza kwenye ndoo ya taka. Yeye akapita pole pole anatazama picha, mpaka kwa Elodia. Akasimama. Akasema, "Mama, huu ufunguo naomba nikuhifadhie, hapa utaibiwa." Nikamwambia wezi wa marehemu sijawaona leo isipokuwa aliyevaa tai. Akacheka, lakini macho yake hayakutoka mezani.

Alipoondoka nikamgeukia Bi Tomasa. Uso wake umekuwa kama majivu.

"Tomasa, una nini?"

"Hermelinda, huo siyo wa sanduku."

"Wa nini basi?"

"Uondoe mezani kwanza."

"Siuondoi. Wa nini?"

Akaanza kulia. Ndipo nikaambiwa, mbele ya picha ya mwanangu, jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unalijua isipokuwa mimi. Tangu Agosti, Elodia ndiye aliyekuwa anafunga. Saa moja kamili, wakishaingia wote, anafunga kwa nje, anashuka kufanya kazi yake chini. Huo utepe wa kijani walikuwa wanauona shingoni kwake kila asubuhi. Na polisi walipouliza ufunguo hushikwa na nani, wakatazamana, wakakutaja wewe. "Mlinzi hana mke wala mtoto," Tomasa aliniambia. "Wewe una kaburi. Tulikuonea huruma."

Huruma gani hii, Maclovio? Nimekaa nao mwezi na nusu, tunakula chungu kimoja, na kila mtu alikuwa ananitazama akijua.

Bermúdez anaujua ufunguo huo. Wewe unaujua. Nataka kila kitu sasa.

Hermelinda


Rumande
12 Novemba

Komadre,

Hii haipiti kwa askari wanaosoma barua. Inatoka na mke wa mwizi wa magari, ndani ya kiatu chake, ndiyo maana inanuka.

Ni kweli. Agosti Urrutia aliniona namfungulia mlango mama mmoja aliyechelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Akaninyang'anya ufunguo palepale. Akamwita Elodia, akamwambia, "Wewe una akili kuliko mama yako. Ushike huu, mwezi wa kwanza nitakufanya msimamizi." Alilia kwenye kibanda changu, komadre. Alisema, "Mama akijua atanifukuza nyumbani." Nikamwambia asiogope, ni miezi michache, akiwa msimamizi atauacha mlango wazi yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo Elodia mwenyewe alivyopanga. Nilimwamini. Bado namwamini.

Asubuhi ile alikuwa chini na mimi langoni. Tetemeko lilipoanza alikimbia juu na ufunguo. Nilijaribu kumshika. Sweta lake likabaki mkononi mwangu. Basi. Zaidi ya hapo sina.

Sasa fikiria vizuri. Nina miaka hamsini na nane na goti moja bovu. Miaka thelathini wanayotaka kunipa sitaimaliza, watakuwa wamejidanganya wenyewe. Sina wa kunisubiri nje. Yeye ana jina. Likishaandikwa gazetini kwamba binti wa miaka kumi na tisa aliwafungia wenzake, hakuna atakayeandika kwamba aliamriwa, wala kwamba alipanda kuwafungulia. Zile picha arobaini na moja zitaigeuzia yake mgongo. Niache hapa. Nimeshazoea, hata sauti ya bomba linalovuja usiku nimeizoea.

Choma barua hii.

Maclovio


Kambi ya mahema
20 Novemba 1985

Maclovio,

Sijaichoma.

Kuna jambo na mimi nimekuficha. Tarehe mbili Oktoba, Bermúdez alikuja hemani na karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. Nilikuwa nimezika siku nane tu. Imeandikwa kwamba mimi, mfanyakazi wa zamani, naapa ulikuwa unajifungia ufunguo kiunoni kila siku, na kwamba mwenyewe ulijisifu kwangu kuwa unawafungia wanawake ili ulale. Hukuwahi kujisifu. Nilijua hukuwahi. Nilisaini. Nilitaka awepo mtu mmoja wa kulaumiwa, mwenye uso, na uso wako nilikuwa naujua. Ni maneno yangu yaliyokuweka kwenye chumba hicho cha watu kumi na sita.

Jana amerudi. Ana karatasi nyingine: nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa Narvarte, jengo halina hata ufa. Imeandikwa jina langu, inasubiri niseme maneno yaleyale mbele ya hakimu. Tarehe nne Desemba tutakutanishwa uso kwa uso, mimi upande huu wa nondo na wewe ule, kila mmoja aseme lake huku mwingine anamtazama. Nikibadili maneno, anasema, nitafungwa kwa kiapo cha uongo, na kesho yake Elodia atakuwa kwenye ukurasa wa kwanza. "Chagua mama," akaniambia, "binti yako awe marehemu au awe muuaji." Aliongea taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza unataka chai au kahawa. Na ule ufunguo ameutaka tena. Nimemwambia nimeutupa mtaroni. Usiku nalala nimeuuma kwa meno.

Nikikaa kimya, unaoza wewe. Nikisema, anaoza yeye kaburini, na mimi naingia ndani. Kila ninapogeukia kuna mlango umefungwa, na mwenye kuufunga ni mimi.

Lakini kuna kitu kinanisumbua kuliko vyote hivyo. Unasema sweta lilibaki mkononi mwako. Maclovio, mimi ndiye niliyemvua. Lile sweta la kahawia alikuwa nalo mwilini, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na baridi na mimi ndiye niliyemwambia afunge. Nilivifungua kimoja kimoja. Vilikuwa saba.

Basi ulishika nini?

Hermelinda


Rumande
27 Novemba

Hermelinda,

Sikushika chochote.

Alikuwa ameniletea kikombe cha uji wa mahindi, kama kila siku. Tukasikia madirisha, kisha sakafu ikaanza kwenda. Alinishika mkono, akasema, "Baba, twende nje." Kutoka kibandani kwangu mpaka barabarani ni hatua sita. Alikuwa ananivuta. Angenitoa na yeye angetoka.

Nikasikia wanawake juu wanapiga mlango. Nikamwambia, "Ufunguo! Panda binti yangu, kafungue!"

Alinitazama mara moja. Akauachia mkono wangu akapanda.

Nilimtuma mimi. Usiseme ni goti, nimejiambia goti mpaka nimechoka. Ningeweza kuuchukua ufunguo ule shingoni kwake nikamsukuma yeye nje, mimi nikatambaa juu. Halikunijia kichwani. Lililonijia ni kwamba yeye ana miguu. Kisha nikatoka, hatua zangu sita, nikasimama barabarani namngoja na kikombe mkononi, jengo likakaa chini.

Nilifurahi waliponikamata, nisikufiche. Mtu akinipa miaka thelathini angalau amenipa kitu. Sasa unajua. Tarehe nne njoo useme yale uliyosaini. Nitakutazama usoni na sitakukanusha, ni haki yako kabisa.

Maclovio


Gereza la wanawake
9 Desemba 1985

Maclovio,

Najua ulikuwepo, lakini mle ndani kulikuwa na kelele na wewe ulikuwa unatazama viatu vyako, kwa hiyo nitakuandikia nilichofanya na kwa nini, usije ukajitungia.

Barua yako niliisoma mara moja. Nikatoka hemani nikatembea mpaka makaburini, nikakaa. Nilikuchukia kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza. Nikasema vizuri, nitakuja tarehe nne, nitasema yaleyale, utaoza, na nyumba ya Narvarte nitaitapikia lakini nitalala humo. Siku tatu nzima niliishi hivyo. Hata kula nilikula vizuri.

Kilichonibadilisha ni Bi Tomasa. Nilikuwa nimemfokea tangu siku ya marehemu, hatusemeshani. Akaja hemani akakaa chini bila kukaribishwa. Akasema, "Nimefikiria ile sauti ya kufuli." Akasema polisi walimwuliza kama alisikia mtu anafunga, akajibu ndiyo, kwa sababu hakufikiri kuna mtu angekuwa nje akijaribu kufungua. Lakini kufuli lilikuwa linavutwa na kuvutwa, na kulikuwa na sauti ya kike inaita majina. "Marta! Refugio mdogo! Tomasa!" Aliita majina kwa mpangilio wa cherehani, kuanzia mlangoni. Tomasa alidhani ni wenzake ndani. Sasa anajua nani.

Hapo nikaelewa Bermúdez alichonidanganya. Alinipa kuchagua marehemu au muuaji. Jina lake Elodia alikuwa ameliokoa yeye mwenyewe kwa kupanda, mimi na wewe na wale wanawake wote wenye huruma ndio tuliokuwa tunamficha kama mwizi.

Basi nikaja. Nikaweka ufunguo mezani kwa hakimu, na ile karatasi ya uwanjani yenye mhuri, iliyoandikwa utepe wa kijani. Kufuli likaletwa kwenye mfuko. Karani akajaribu mara tatu ufunguo ukagoma, Bermúdez akaanza kukusanya makaratasi yake anatabasamu. Ndipo wewe, ambaye ulikuwa hujafungua mdomo tangu tuingie, ukasema kupitia nondo, "Linyanyue kwanza. Halafu kushoto." Karani akalinyanyua. Likafunguka, na chumba kizima kikasikia.

Ungeweza kunyamaza ukapata miaka yako. Nimeliona hilo.

Nilisema kiapo changu kilikuwa cha uongo. Tomasa akasimama akasema na yale aliyowaambia polisi yalikuwa ya uongo, na wenzake kumi na mmoja nyuma yake, kila mmoja kwa jina lake, mpaka hakimu akaomba maji. Urrutia wametoa hati ya kumkamata. Wanasema yuko Houston, Marekani, kwa matibabu. Yeye ana pasi na ndege, mimi nina blanketi na wenzangu wanane chumbani, mmoja anakoroma kwa Kihispania na kwa Kiotomi, lugha ya mababu zake. Aliyesaini kiapo ni mimi peke yangu, wengine walisema tu kwa mdomo. Nitakaa miezi sita, labda mitano. Gazeti limeandika jina la Elodia. Akina mama wamelikata wakalibandika kwenye kifusi, pamoja na picha yake, na picha haijageuzwa.

Wewe unatoka Ijumaa.

Sasa soma hapa taratibu. Hakimu nilimwambia habari ya Agosti, na ya kufuli, na kwamba Elodia alipanda. Nani alimwambia apande, sikusema. Usidhani ni huruma, huruma nimeiacha kwa waliokuwa nayo nyingi. Sikulisema kwa sababu siyo langu. Mimi langu nimelisema na nimelipia hapa. Hilo ni lako.

Wale wanawake sasa wanashona wenyewe chini ya turubai, pembeni ya kifusi. Nenda. Simama mahali watakapokuona wote, Bi Refugio awepo, uwaambie ulivyoniambia mimi, na hatua sita usiziache. Wakikupiga, pigwa. Kisha niandikie walichokujibu. Kama hukuwaambia usiniandikie tena, na Jumapili, siku ya kutembelea wafungwa, usije.

Hermelinda


Mtaa wa Obrera
16 Desemba 1985

Komadre,

Nimewaambia.

Nilitoka Ijumaa mchana, nikazunguka ule mtaa mara nne bila kusogea karibu. Jumamosi nikasema leo, nikafika mpaka kwa muuza machungwa, nikanunua machungwa, nikarudi. Leo asubuhi nimeingia. Cherehani ishirini na mbili, za kuazima. Zilikuwa zinakwenda zote na hakuna aliyezima, kwa hiyo nililazimika kusema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeuza kitu.

Nimeanzia kwenye kikombe cha uji. Nimesema alinivuta mkono. Nimesema barabara ilikuwa hatua sita na kwamba nilimtuma yeye nikatoka mimi. Cherehani zikawa zinanyamaza moja moja.

Bi Tomasa akasema, "Ungepanda wewe, na hilo goti, usingefika hata ghorofa ya pili. Yeye alifika." Sikujua ananitetea au ananitukana, na nadhani yeye pia hajui. Mwingine, simjui jina, alinirushia bobini ya uzi ikanipiga hapa juu ya jicho. Nimeiokota nikamrudishia.

Bi Refugio alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akainuka akaja mpaka mbele yangu. Nikasema sasa ndiyo, nikafumba macho. Akaniuliza, "Alipandaje?"

Sikuelewa. Nikamwambia, alipanda tu, mama.

"Nakuuliza alipandaje. Kwa kusitasita? Alishika ukuta? Binti zangu walikuwa wanamngoja. Nataka kujua alipandaje."

Nikamwambia kweli, kwa sababu hilo nililiona kwa macho yangu kabla sijageuka. Alipanda ngazi mbili mbili.

"Mbili mbili?"

"Mbili mbili, mama. Hakugeuka nyuma."

Akakaa chini pale pale sakafuni akalia, na wengine wakaja kumshika, na mimi nikabaki nimesimama katikati yao na hakuna aliyeniambia niondoke.

Jumapili naja. Saa nne wanafungua. Kama hutaki kutoka tuonane, usitoke. Nitakaa kwenye benchi mpaka wafunge.

Maclovio